Kiwanja, Kizimba na Fremu: Historia ya Uendelezaji Upya wa Kariakoo, Dar es Salaam, 1914–2024

1.0 Utangulizi

Kariakoo ni kitovu cha biashara ya jumla na rejareja katika jiji la Dar es Salaam. Wanunuzi wake hutoka mikoa yote ya Tanzania, na wengine huvuka mipaka kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Historia ya eneo hili husimuliwa mara nyingi kwa kufuata majengo yake: soko la zamani, soko la 1975 na maghorofa ya sasa. Makala hii inajenga hoja kwamba majengo peke yake hayatoshi kueleza mabadiliko hayo. Kila Kariakoo ilipojengwa upya, kilichobadilika zaidi ni aina ya haki iliyomwezesha mtu kukaa na kufanya biashara pale. Haki hiyo inabainishwa hapa kwa maneno matatu yanayotumiwa na wenyeji wenyewe, yaani kiwanja, kizimba na fremu.

2.0 Kiwanja: Mji wa Waafrika, 1914–1961

Mpango wa Wajerumani uliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu, ambazo baadaye zilijulikana kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo ilikuwa kiini cha kanda ya tatu. Jengo la soko lililokuwa likiandaliwa hapo halikuanza kazi yake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuzuka mwaka 1914. Baada ya Waingereza kuuteka mji mnamo Septemba 1916, eneo hilo lilitumika kama kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Matamshi ya wenyeji yaliligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, kama yalivyozaa jina la Kariokor jijini Nairobi. Jengo lilianza kutumika kama soko mwaka 1923.

Kuzunguka soko, mitaa ilipimwa kwa mistari iliyonyooka na kugawanywa katika viwanja. Juu ya kila kiwanja ilijengwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Ardhi ilibaki mikononi mwa serikali, na mwenye nyumba alitozwa kodi ya kiwanja. Hata hivyo, nyumba ilikuwa yake. Aliweza kuishi katika chumba kimoja, kupangisha vingine na kuuza bidhaa barazani. Wamiliki wa namna hiyo, wakiwamo wanawake wengi, walipata kipato ambacho ajira za kikoloni hazikuweza kuwapa. Nguvu hiyo ya kiuchumi inasaidia kueleza kwa nini siasa za ukombozi zilipata makao katika mitaa hiyo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la chama kilichoitangulia, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

3.0 Kizimba: Soko la Umma, 1970–1985

Soko la zamani lilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usanifu wa soko jipya ulifanywa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki. Paa lake ni miavuli ya zege inayosimama juu ya nguzo pana, nayo hukusanya maji ya mvua. Sehemu ya chini ya ardhi, maarufu kama Shimoni, ilitengwa kwa biashara ya jumla. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na Rais Julius Nyerere alilifungua soko mwaka 1975.

Ndani ya soko hilo, kipimo cha haki kilikuwa kizimba. Mfanyabiashara hakumiliki nyumba wala ardhi. Alikuwa mpangaji wa shirika la umma, na jina lake katika daftari ndilo lililomtambulisha. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mtu asiye na kiwanja aliweza kupata nafasi kwa ushuru nafuu. Udhaifu wake ni kwamba haki hiyo ilitegemea uimara wa daftari lenyewe.

Wakati huohuo, sera nyingine iliathiri viwanja bila kuvilenga. Sheria ya kutaifisha majengo ya mwaka 1971 ilihusu majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Maghorofa mengi ya Uhindini yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo, kwa kiasi kikubwa zilisalia kwa wenyewe. Unyonge wa nyumba hizo ndio uliowahifadhia wenyewe viwanja ambavyo baadaye vingekuwa ghali mno.

4.0 Fremu: Maghorofa na Soko Huria

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji bidhaa kuanzia mwaka 1984, pamoja na sera za serikali ya Ali Hassan Mwinyi, kulifungua mlango kwa biashara ya nguo, vyombo na vifaa vya umeme. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaondolea viongozi katazo la kupangisha nyumba. Tangu hapo, nyumba za Kiswahili zilianza kutoweka moja baada ya nyingine. Mwenye kiwanja asiye na mtaji aliweza kuuza, au kuingia ubia na mwekezaji aliyejenga ghorofa na kugawana naye sehemu za jengo.

Chumba na baraza vilimezwa na fremu, yaani nafasi ya duka inayopangishwa. Kabla ya kulipa kodi, mpangaji wa fremu huweza kudaiwa kilemba, fedha ya kuingilia ambayo hairudishwi. Ikilinganishwa na kiwanja, fremu ni haki ya muda mfupi zaidi. Ikilinganishwa na kizimba, ni haki ya wenye mtaji. Wasio na kilemba walibaki nje, mbele ya fremu za wengine, wakiwa wamachinga. Walipoondolewa barabarani mwaka 2021, hawakuwa na mkataba wala daftari la kudai chochote.

Mwaka huohuo, usiku wa tarehe 10 Julai, soko kuu liliungua. Ukarabati wake, pamoja na ujenzi wa soko jipya la ghorofa pembeni yake, ulianza mwaka 2022. Wafanyabiashara walihamishiwa kwingine, na swali la nani ana haki ya kurudi likawa gumu kama swali la zege na nondo. Kisha, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Maafa hayo yalionesha kuwa wapangaji na wanunuzi wanaweza kulipa kwa uhai wao ndani ya jengo wasilolimiliki.

5.0 Hitimisho

Historia ya Kariakoo inaonesha mwelekeo mmoja: majengo yameongezeka urefu huku haki za wanaoyatumia zikipungua muda. Mwenye kiwanja aliweza kurithisha. Mwenye kizimba alitegemea daftari. Mwenye fremu hutegemea mkataba. Mmachinga hana hata kimoja. Uendelezaji mpya utakaopimwa kwa idadi ya ghorofa na maduka pekee utarudia mwelekeo huo. Kipimo kinachostahili kuongezwa ni orodha ya waliokuwapo kabla ya ujenzi, ikilinganishwa na orodha ya waliorudi.