Hoja katika Mdahalo wa Mashindano

Hoja ni neno la kwanza ambalo mwanafunzi wa mdahalo hufundishwa, na huwa miongoni mwa ya mwisho kumwelea barabara. Katika mdahalo wa mashindano neno hili hubeba vitu vitatu. Kwanza ni kauli inayowekwa mbele ya kikao ili ikubaliwe au ikataliwe. Pili ni maelezo yenye sababu anayoyatoa msemaji kuitetea au kuipinga kauli hiyo. Tatu, hasa katika Kiswahili cha Kenya, ni ombi la kumkatiza anayezungumza. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mashindano mengi ya kimataifa, kina neno tofauti kwa kila kimoja, na kile cha kwanza hukiita motion. Mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili hapati taabu, kwa kuwa muktadha humwongoza. Anayepata taabu ni mwanafunzi anayeambiwa kwamba hoja yake ni dhaifu, asijue kama kasoro iko kwenye kauli aliyopewa au kwenye sababu alizozitoa.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, hujja, lenye maana ya uthibitisho au dalili. Kiswahili kimelizalisha: kuhoji, mahojiano, mhojiwa. Kumhoji mtu ni kumtaka alete alichonacho cha kuthibitisha asemalo. Neno hubeba pia maana ya uzito, kwani anayesema "si hoja" anamaanisha kwamba jambo halistahili kumshughulisha mtu. Wanasiasa wa Tanzania hupenda kutofautisha nguvu ya hoja na hoja ya nguvu, ingawa wanaoutumia usemi huo si lazima wawe wa kwanza kuutii.

Matumizi ya hoja kwa maana ya kauli ya kuamuliwa yamekomazwa na Bunge. Waziri anapomaliza hotuba yake husema "naomba kutoa hoja", wenzake huafiki, na mjadala ukiisha kumbukumbu rasmi za Bunge la Tanzania huandika kwamba hoja ilitolewa iamuliwe, kisha kwamba iliamuliwa na kuafikiwa. Mbunge asiye waziri naye anaweza kuleta hoja binafsi. Kitenzi cha kuangaliwa hapo ni kuamua. Hoja ya namna hii si jambo la kuzungumziwa tu. Ni sentensi kamili ambayo mwishoni watu husema ndiyo au siyo, na ambayo jibu lake hubadilisha kitu.

Mfano maarufu kuliko yote unatoka Uingereza. Tarehe 9 Februari 1933, chama cha mdahalo cha wanafunzi wa Oxford, kiitwacho Oxford Union, kilijadili hoja kwamba baraza hilo kwa hali yoyote halitapigana kwa ajili ya mfalme na nchi yake. Kura 275 ziliiunga mkono na 153 zikaipinga. Zogo likazuka magazetini. Vijana wa vyuo walikuwa wamezungumza kuhusu vita mara nyingi kabla ya hapo bila mtu kushtuka. Kilichowashtua watu safari hii ni kwamba kauli iliandikwa waziwazi, ikapigiwa kura, ikapita.

Katika shule za Afrika Mashariki neno lililoshika nafasi ya hoja kwa maana hii ya kwanza ni mada. Si neno baya, lakini limelegea. Rushwa ni mada, ukame ni mada, na hakuna anayeweza kuunga mkono au kupinga ukame. Ulegevu huo ndio uliozaa midahalo ya aina ya "mwalimu ni bora kuliko daktari", ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeipigia kelele. Upande mmoja huuliza daktari angetoka wapi pasipo mwalimu. Upande wa pili huuliza mwalimu akiugua atatibiwa na nani. Ukumbi hushangilia wote wawili na kengele hulia. Zoezi hilo hujenga sauti na ujasiri, na hilo lisidharauliwe. Hata hivyo halifundishi mdahalo, kwa sababu hakuna uamuzi unaotafutwa. Bora kwa lipi? Kwa ajili ya kugawa mishahara, au kupanga nafasi za masomo vyuoni? Mara swali hilo linapojibiwa, kauli hubadilika kuwa hoja: "Serikali itoe mikopo ya elimu ya juu kwa wanafunzi wa ualimu kabla ya wanafunzi wa udaktari." Hapo pana kitu cha kubishania.

Katika mashindano, hoja huanza kwa maneno yanayoiga Bunge la Uingereza, ambalo hujiita Nyumba. Mfasiri anayeandika "Nyumba hii" huwaacha wasikilizaji wakitafuta ukuta. "Bunge hili" linafaa pale kikao kinapoigiza Bunge, yaani timu moja ikiwa serikali na nyingine upinzani. "Baraza hili" linafaa zaidi shuleni na vyuoni. Kinachofuata baada ya maneno hayo ndicho kinachoonyesha kazi ya wasemaji. "Bunge hili litafanya" ni hoja ya sera, na anayeitetea hana budi kueleza hatua itakayochukuliwa, nani ataichukua na itabadilisha nini. "Bunge hili linaamini" ni hoja ya tathmini, na kazi yake kubwa ni kuweka kipimo: kitu kihesabiwe chema au kibaya kwa vigezo gani. Katika zote mbili, anayetaka hali iliyopo ibadilike ndiye anayeanza kubeba jukumu la kuthibitisha. Mpinzani naye hasameheki. Akishasema kwamba mabadiliko yataleta madhara, madhara hayo ni yake kuyathibitisha.

Maana ya pili ya hoja, yaani maelezo ya kutetea msimamo, ndiyo inayochukua muda mwingi wa mafunzo. Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu matumizi ya hoja, alionyesha kwamba kati ya dai na ushahidi huwapo kitu cha tatu ambacho wasemaji hukisahau: kanuni inayoruhusu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Kwa Kiswahili kitu hicho kinaweza kuitwa kiungo. Makocha wa mdahalo huongeza cha nne, uzito, yaani maelezo ya kwa nini dai likithibitika litoshe kuamua hoja nzima.

Chukua hoja kwamba Bunge hili litafanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Msemaji anadai kwamba mabadiliko hayo yatawawezesha wanafunzi wengi zaidi kuelewa masomo. Ushahidi wake ni kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza hukuta biolojia na hisabati kwa Kiingereza. Wanaoanza kujifunza mdahalo huishia hapo na kuketi. Kiungo hakijasemwa: kwamba mtu hujenga maarifa mapya kwa lugha anayoweza kuulizia maswali, na kwamba asiyeweza kuuliza hukariri. Uzito nao unadai sentensi zake: elimu ya sekondari ikikaririwa badala ya kueleweka, hasara humfuata hata yule asiyeendelea na chuo, na hao ni wengi. Dai lilelile, lenye ushahidi uleule, huwa kitu kingine kabisa baada ya nyongeza hizo mbili.

Mpangilio huohuo ndio ramani ya mpinzani. Kamusi na vitabu vya shule hutumia kukanusha au kupinga kwa tendo la kujibu hoja ya upande wa pili, lakini kukanusha ni kusema "sivyo", na "sivyo" peke yake haimjibu mtu. Wasemaji wa Tanzania husema kupangua hoja, na neno hilo ni zuri zaidi kwa sababu linamtaka msemaji aoneshe ni kipande kipi anachokiondoa. Anaweza kuugusa ushahidi. Anaweza kukigusa kiungo, akasema kwamba kinachomfanya mwanafunzi akariri ni uhaba wa walimu na maabara, hivyo lugha ikibadilika kukariri kutabaki. Anaweza pia kuyaacha yote hayo yasimame na kushambulia uzito: hata kama wanafunzi wataelewa zaidi sekondari, watakuta vyuo vikuu vikifundisha kwa Kiingereza, na ugumu utakuwa umesogezwa mbele tu. Njia hii ya "hata kama" ndiyo yenye kuaminika zaidi mbele ya waamuzi, kwa sababu haitegemei mwenzake awe mwongo. Mpinzani akisema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi, atakuwa amechagua njia dhaifu. Mtetezi atamwonyesha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na dai litaanguka hapohapo.

Maana ya tatu ndiyo iliyo nyepesi kuitenga. Wabunge wa Kenya husema "hoja ya nidhamu" wanapotaka Spika aangalie kama kanuni imevunjwa. Tanzania husema "kuhusu utaratibu". Mdahalo wa mashindano hautumii sana ombi hilo, kwani utaratibu ni kazi ya mwenyekiti. Unachotumia ni lile la kutoa taarifa au swali fupi katikati ya hotuba ya mpinzani, na hapo neno taarifa la Bunge la Tanzania linafaa moja kwa moja. Kuna tofauti moja tu ya kuchungwa. Bungeni, mbunge akisharuhusiwa hutoa taarifa yake, kisha Spika humuuliza msemaji kama anaipokea. Kinachopokelewa ni maudhui. Katika mashindano msemaji huamua kabla hajasikia lolote. Anayesimama husema "taarifa", na mwenye zamu humruhusu au humketisha kwa ishara ya mkono. Anayewaketisha wote huonekana mwoga, na anayewaruhusu wote hupoteza hotuba.

Mifumo ya mashindano ni mingi, na yote huegemea maana hizo tatu. Mashindano ya Dunia ya Mdahalo ya Vyuo Vikuu, yaliyoanza Glasgow mwaka 1981, hutumia mfumo wa Bunge la Uingereza: timu nne za watu wawili wawili, mbili za serikali na mbili za upinzani, dakika 15 za maandalizi baada ya hoja kutangazwa, na hotuba ya dakika saba kwa kila mmoja. Taarifa haziruhusiwi katika dakika ya kwanza wala ya mwisho. Timu za nusu ya pili ya mdahalo hudaiwa kuleta kitu ambacho wenzao wa upande wao hawakukigusa, na kwa hilo Kiswahili kina neno tayari, nyongeza, lililozoeleka katika maswali ya nyongeza bungeni. Waamuzi huzipanga timu kuanzia ya kwanza hadi ya nne, zikapata pointi tatu, mbili, moja na sifuri. Mashindano ya dunia ya shule, yaliyoanza Australia mwaka 1988, hukutanisha timu mbili tu zenye wasemaji watatu watatu wa dakika nane.

Kwa klabu inayoendesha mdahalo kwa Kiswahili, mgawanyo unaofaa ni huu: kauli ya kuamuliwa iitwe hoja ya mezani, jina linalotokana na usemi uliozoeleka wa hoja iliyo mezani; neno hoja pasipo kivumishi libaki kwa maelezo yenye dai, ushahidi, kiungo na uzito; na taarifa liwe la kukatiza. Mada liachiwe darasa la insha. Mwamuzi akiandika kwenye fomu yake kwamba timu iliielewa hoja ya mezani, ikajenga hoja mbili, ikapangua moja na kupokea taarifa moja, mwanafunzi atakayeisoma atajua afanyie kazi wapi.