Namba ya Nne: Historia ya Uwazi katika Picha za Kompyuta

Picha ya kompyuta ni jedwali la nukta, na kila nukta, yaani pikseli, hubeba namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Namba hizo zinatosha kueleza rangi za kwenye skrini, ila haziwezi kusema kwamba mahali fulani hapana kitu. Ndiyo maana nembo iliyokatwa vizuri katika programu moja hufunguka katika nyingine ikiwa imezungukwa na mraba mweupe. Uwazi ni taarifa ya ziada inayohitaji mahali pake ndani ya faili. Historia yake ni ya kutafuta mahali hapo, na ya programu kukubaliana namna ya kusoma kilichowekwa humo.

Tatizo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 1918 Mmarekani Frank Williams alipata hataza ya njia ya kumhamishia mwigizaji katika mandhari ambayo hakuwahi kufika. Kutokana na picha za mwigizaji huyo ilitengenezwa filamu ya pili, ambamo umbo lake lilikuwa jeusi tititi. Giza hilo liliizuia nuru ya mandhari mpya isiguse mahali pa mwigizaji wakati wa kuchapa. Katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, Larry Butler alitumia pazia la buluu kupata matokeo hayohayo kwa rangi. Kiwiliwili kilikatika vizuri, lakini nywele na moshi vilisumbua, kwa kuwa vyenyewe hufunika nusu na kuonyesha nusu.

Jibu la kompyuta kwa nusu hiyo lilipatikana mwishoni mwa mwaka 1977 katika Taasisi ya Teknolojia ya New York, huko Long Island. Ed Catmull alikuwa akiandika programu ya kuchora maumbo yenye kingo laini, na ukingo laini hupatikana kwa kuchanganya rangi ya umbo na rangi ya kilicho nyuma yake. Mandhari ikibadilika, umbo lilipaswa kuchorwa upya, kazi iliyokuwa ya polepole mno. Yeye na mwenzake Alvy Ray Smith waliamua kuhifadhi, pamoja na rangi, kiwango ambacho kila pikseli inafunika kilicho nyuma yake: 0 kwa utupu, 255 kwa kufunika kabisa. Namba hiyo ya nne wakaiita alfa. Wazo ni jepesi, lakini lilihitaji kumbukumbu nyingi kwa wakati ule, na taasisi hiyo ilikuwa miongoni mwa mahali pachache sana duniani palipokuwa na mitambo ya kutosha kuweka kando biti 8 zaidi kwa kila pikseli.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha makala iliyoweka hisabati kamili ya kupandisha picha moja juu ya nyingine. Walipendekeza rangi ihifadhiwe ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa, kwa sababu hesabu huwa fupi na kingo hutoka safi. Hoja yao ni ya kweli hadi leo, lakini ndipo njia zilipogawanyika. Chukua pikseli ya ukingoni mwa ua jekundu inayofunika nusu. Kwa njia ya kawaida huandikwa nyekundu 255, alfa 128. Kwa njia ya Porter na Duff huandikwa nyekundu 128, alfa 128. Programu inayotarajia njia ya kwanza ikipewa ya pili, itaikata nyekundu nusu mara nyingine, na ua litazungukwa na ukingo wa giza. Ikiwa kinyume chake, ukingo utang'aa kupita kiasi. Hakuna data iliyopotea katika hali zote mbili. Kilichokosekana ni makubaliano. Toleo la 6 la umbizo la picha la TIFF, la mwaka 1992, lilikuwa na busara ya kutenga alama ndani ya faili inayotaja ni njia ipi imetumika.

Kompyuta za kawaida zilianza na kitu duni zaidi. Umbizo la picha la GIF la kampuni ya CompuServe, lililotoka mwaka 1987, liliruhusu rangi zisizozidi 256, na toleo lake la mwaka 1989 liliruhusu moja kati ya hizo itangazwe kuwa haionekani. Hapakuwa na nusu: pikseli ipo au haipo. Nembo iliyolainishwa kingo juu ya nyeupe ikiwekwa kwenye ukurasa mweusi ilivaa mduara wa weupe uliochakaa, hivyo mbunifu alilazimika kujua rangi ya ukurasa kabla ya kuhifadhi picha.

Mwishoni mwa mwaka 1994 kampuni ya Unisys ilidai malipo kwa hataza ya mbinu ya kubana data iliyotumiwa na GIF. Wanaprogramu waliokerwa walianza kubuni mbadala mwanzoni mwa 1995, na PNG ikaidhinishwa na shirika la W3C tarehe 1 Oktoba 1996. Ilibeba alfa kamili, na waundaji wake walichagua rangi isiyozidishwa ili hata pikseli iliyofichwa isipoteze rangi yake ya asili. Hata hivyo, Internet Explorer ya Windows haikuonyesha uwazi huo ipasavyo hadi toleo la 7, mwaka 2006. Kwa miaka kumi, faili lilikuwa sahihi na msomaji ndiye aliyekosea.

Kwa wachapaji hali ilikuwa nyingine. Lugha ya kuelezea kurasa ya PostScript haikujua uwazi kabisa; wino mmoja uliufunika mwingine. Wapangaji wa kurasa walichora mstari wa kukatia kuzunguka picha na kuuhifadhi katika faili la EPS, mbinu inayofaa chupa na viatu lakini isiyofaa nywele. PDF 1.4 ya mwaka 2001 ndiyo iliyouleta uwazi halisi katika mafaili ya uchapaji.

Maana ya alfa nayo ilizua ugomvi. Watengeneza michezo ya kompyuta walizoea kuweka humo taarifa nyingine kabisa, kama vile mng'ao wa uso wa kitu. Photoshop 7, ya mwaka 2002, ilipoanza kuitafsiri alfa ya mafaili ya TGA kuwa uwazi tu, kazi zao ziliharibika, na toleo la 7.0.1 likarudisha utaratibu wa zamani.

Kunakili na kubandika kuna udhaifu wake pia. Aina ya zamani ya picha ambayo Windows hupitisha kati ya programu haina nafasi ya uhakika ya alfa, kwa hiyo programu nyingi huambatanisha nakala ya PNG kando yake; inayopokea isipoitafuta nakala hiyo, hupata mandhari nyeusi au nyeupe. Kwenye simu, nembo ya kadi ya harusi ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hugeuzwa JPEG, ambayo haina alfa. Ikitumwa kama dokumenti hufika na namba zake zote nne.