Jongoo wa Bamburi

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa pale pale chini: mwamba wa matumbawe ya kale, ambao haukuchimbika bila kufyeka msitu na kukwangua udongo wote. Kufikia 1971 palikuwa pamebaki uwanda wa mawe meupe, umechimbwa hadi karibu na maji ya chumvichumvi. Kampuni ikamkabidhi uwanda huo René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mwajiriwa wake tangu 1959, aone kama patamea chochote. Wasimulizi wengi wa kilichofuata hukimbilia viboko na twiga. Naona historia hii ianzie kwa jongoo.

Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, 3 tu ndizo zilizostahimili: mnazi, mti wa damas wa Somalia na mvinje. Mvinje ukatamalaki, maana huvumilia chumvi na mizizi yake hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalirundikana juu ya jiwe bila kuoza kwa wingi wa tanini. Ndipo wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo huitafuna sindano, akaitoa nyuma yake ikiwa kidonge cheusi, na kidonge hicho bakteria hukimudu. Udongo ukaanza kujijenga, kidogo kidogo, juu ya jiwe tupu. Mabwawa ya perege, pofu, ndege na njia ya matembezi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1984 vyote vimesimama juu ya tabaka hilo. Hapa ndipo penye hoja yangu: Bamburi ilifaulu kwa sababu hifadhi ilikuwa kazi ya kiwanda kama kazi nyingine, yenye mtu anayelipwa kuifanya mwaka hadi mwaka. Hundi ya mara moja isingefaa kitu, kwani jongoo hawaharakishwi.

Yupo atakayesema kampuni ilirudishia tu ilichoharibu. Ni kweli, lilikuwa deni. Lakini machimbo mangapi yameachwa mashimo ya maji yaliyotuama na wachimbaji wakaenda zao? Anayelipa deni hastahili kubezwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba msitu wa mvinje si msitu wa asili wa pwani, na uliofyekwa haukurudi. Hilo nalikubali lote. Ardhi imefufuliwa, msitu wa kale haukufufuliwa, na ndiyo maana kila ekari isiyochimbwa bado inahitaji mlinzi.

Kiboko mchanga Owen alipookolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipelekwa Haller Park, ndiyo machimbo haya haya yaliyofufuliwa, akajiegemeza kwa Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra. Dunia ilivutiwa na urafiki wao. Mimi navutiwa na miaka 33 iliyotangulia, kwani ndiyo iliyomwandalia yule ndama mahali pa kupelekwa.

Desemba 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na kampuni ya Amsons ya Tanzania. La kumuuliza mmiliki mpya, kabla ya idadi ya twiga, ni nani ameajiriwa kutunza miche, na kwa mkataba wa miaka mingapi.