Kimwavuli cha Lamarck na chembe za chokaa

Kipini ni mji wa kamba na samaki, si wa matumbawe. Mto Tana huleta tope, tope huzuia mwanga, na Ghuba ya Ungwana imelaliwa na mchanga. Tena Tana hakushuka hapo tangu jadi: mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19, ndio uliomvuta akaingia mto Ozi, unaomwagika hapo. Anayetaka miamba ya matumbawe hupanda kaskazini, Lamu hadi Kiunga. Katika miamba ya Bahari ya Hindi limo tumbawe laini dogo liitwalo Xenia, na historia ya jina lake inaonyesha kwamba jicho peke yake ni shahidi dhaifu.

Mfaransa Lamarck aliandika Xenia umbellata mwaka 1816, akiongozwa na umbo: kishina kifupi na juu yake shada la polipu, mfano wa mwavuli. Lakini tumbawe laini halina gofu la mawe. Likitiwa kwenye spiriti hunywea, rangi ikatoka, na mwavuli ukawa tambara. Hata minyiri haisaidii. Ni minane, kama ya pweza, ila hii ina vijinyuzi pembeni kama unyoya. Na kila tumbawe laini lina minane hiyo hiyo. Ushahidi unaobaki ni chembe za chokaa zilizotapakaa mwilini. Za Xenia ni visahani vya duara la yai, vyenye upana wa takriban milimita 0.02, hivyo mpimaji wa leo huzitafuta kwa hadubini ya elektroni. Thomson na Henderson, waliochapisha mwaka 1906 maelezo ya matumbawe laini aliyokusanya Crossland Zanzibar na Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1901 na 1902, hawakuwa nayo. Kuwalaumu ni kumlaumu mvuvi wa ngalawa kwa kukosa injini.

Watasema: vinasaba vimemaliza ubishi. Havijamaliza. DNA ya mitokondria ya matumbawe laini hubadilika polepole mno, kiasi kwamba spishi mbili huweza kusomeka kama moja. Vinasaba vimefaulu zaidi kwenye ukoo mpana: mwaka 2022 McFadden na wenzake waliivunja oda ya zamani ya Alcyonacea, wakaweka mbili mahali pake. Jina la Lamarck halikuguswa. Ila anayelitumia leo lazima kwanza ayeyushe kipande cha nyama, kisha avichunguze vile visahani.