Mali Kauli: Jina la Mkopaji katika Biashara ya Bagamoyo

Katika Kiswahili cha Mrima limo neno la kale la biashara, nalo ni mali kauli. Maana yake ni bidhaa apewazo mtu bila kutoa fedha taslimu, akauze mbali, kisha arejee na thamani yake. Ukilitazama neno hili vema utaona ya kuwa limeeleza desturi nzima: mkopeshaji alitoa mali, na mkopaji alitoa kauli. Nia ya makala hii ni kuonyesha jinsi kauli hiyo ilivyopata uzito, na jinsi ilivyoweza kupotea.

Katika karne ya 19 Bagamoyo, pamoja na Saadani na Pangani, ilikuwa mlango wa misafara iendayo bara. Bidhaa zilizopanda zilikuwa merikani, kaniki, ushanga na masango. Zilizoshuka zilikuwa hasa pembe za ndovu. Kufika Tabora kulitaka miezi mitatu au zaidi, na waliokwenda Ujiji na Manyema walikaa miaka. Watu wachache tu waliweza kununua nguo na kuwalipa wapagazi kwa fedha zao wenyewe. Kwa hiyo walikopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo, ambao mmoja wao alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Kwa kuwa sheria ya Kiislamu imekataza riba, faida mara nyingi iliwekwa ndani ya bei: nguo ya mkopo ilikuwa ghali kuliko nguo ya taslimu.

Basi tajiri alishika nini mkononi, msafara ulipokwisha potea machoni? Huko bara hapakuwa na kadhi wa kumlazimisha mdeni wake. Pengine aliwekewa rahani ya nyumba au shamba pwani, pengine alipewa mdhamini; lakini mara nyingi rahani haikutosha thamani ya mali. Lililobaki ni jina la mtu.

Jina hilo halikupatikana kwa siku moja. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, ni mfano ulio wazi. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili, nazo zikachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Humo twaona ya kuwa alianza kwa mali ya kukopa. Aliporejea na pembe na kulipa, milango mingine ikafunguka, hata Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, akamkopesha mali ya safari kuu iliyoanza mwaka 1870. Safari hiyo haikumrudisha Unguja ila mwaka 1882. Miaka yapata 12! Asiyemjua mtu hawezi kumngoja hivyo.

Jina lilitunzwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni maandishi na mashahidi, maana wahenga wamesema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ya pili ni kupeleka habari: barua, au pembe kidogo, kwa msafara urudio pwani. Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kurudi hata mikono mitupu. Aliyepatwa na vita njiani au kukimbiwa na wapagazi, akaja akahesabiana na tajiri wake, aliweza kupewa muhula, hata na mali nyingine; kwa sababu tajiri naye alijua ya kuwa njia ya kurudisha mali yake ni kumwezesha mdeni kusafiri tena. Bali aliyejificha alijifungia mlango mwenyewe. Wako wafanya biashara waliozeeka Tabora na Ujiji kwa kuogopa madeni ya pwani. Hao hasara haikuwaua. Kilichowaua ni kimya. Ndiyo maana husemwa, "Dawa ya deni ni kulipa," na pia, "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Walakini tusiisifu desturi hii kupita kiasi. Daftari la tajiri liliuliza kama deni limelipwa. Halikuuliza limelipwa kwa nini. Pembe nyingi zilipatikana kwa vita, na watu wengi walishushwa pwani kuuzwa, hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Wako pia watu waliowekwa rahani wao wenyewe kwa ajili ya madeni ya jamaa zao. Mtu aliweza kuwa mwaminifu kwa mkopeshaji wake, na kuwa msiba kwa vijiji alivyopita. Neno mwaminifu ni ndugu wa amana na imani, na maneno hayo yadai zaidi ya hesabu kutimia.

Baadaye, zama za utawala wa Waingereza katika Tanganyika, zilitungwa sheria za kuzuia Waafrika wasikopeshwe ovyo: asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika barazani ila mkopo uwe umeidhinishwa na mtawala. Ilisemwa ni kuwalinda. Lakini mtu asiyeweza kudaiwa hakopeshwi; na asiyekopeshwa hapati nafasi ya kulipa na kujulikana. Hivyo mwenye duka dogo alinyimwa kitu ambacho msafiri wa Bagamoyo alikuwa nacho, yaani njia ya kujijengea jina.

Leo jina limeandikwa tena. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012, ziko kampuni zitunzazo kumbukumbu za wakopaji, na benki huzitazama kabla ya kukopesha. Daftari limekuwa kubwa, na mwenye kulisoma huenda hajapata kumwona mkopaji uso kwa uso. Hata hivyo shauri la wazee wa Mrima halijachakaa: kopa kidogo uwezacho kulipa, lipa kwa muhula, tunza maandishi yako, na ukipatwa na shida nenda kwa mwenye mali kabla hajakutafuta. Mali huenda na kurudi. Kauli ikipotea, hairudi upesi.