Mpira Mweusi Makambako: Meza ya Sarafu na Pigo la Mwisho

Historia ya mchezo wa pool katika miji ya Njombe na Makambako ni sehemu ya historia ya barabara na ya watu wanaosubiri. Makambako ulikua pale ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakutana na ile inayokwenda Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA, iliyoanza kufanya kazi katikati ya miaka ya 1970, iliuongezea mji huo kituo na abiria wake. Mji wa aina hiyo huwa na madereva, matingo, wapakiaji wa mbao na viazi, na vijana wanaovizia kibarua, yaani watu wenye saa nyingi za kungoja na fedha kidogo mfukoni, ambao ndio wateja hasa wa meza ya pool.

Meza iliyoenea Tanzania ni ile inayoendeshwa kwa sarafu. Mchezaji huingiza sarafu katika kisanduku kilicho ubavuni, husukuma chuma, na mipira 15 huteremka. Kila mpira unaotumbukia shimoni hubaki tumboni mwa meza hadi sarafu nyingine ilipwe, isipokuwa mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ambao hurudishwa kwa njia yake yenyewe kwa sababu umetengenezwa kwa ukubwa au uzito tofauti, au una sumaku ndani. Mtambo huo hauhitaji umeme, ila taa ya kuonea usiku, na kwa hiyo meza iliweza kuwekwa chini ya paa la bati popote palipo na sakafu iliyo sawa.

Mtambo huohuo ndio ulioamua ni aina gani ya pool ingechezwa. Huko Marekani, tangu Jerome Keogh alipoiasisi mwaka 1910, aina iitwayo 14.1 ilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa kipimo cha juu cha ubingwa: kila mpira una alama moja, mchezaji hutaja mpira na shimo kabla ya kupiga, na mipira 14 ikishatumbukia hupangwa upya huku ule wa 15 ukiachwa mezani, ili mchezaji autumbukize na kwa pigo hilohilo aivunje pembetatu mpya. Pigo hilo la kuunganisha ndilo lenye uzito, kwa kuwa anayelikosa humwachia mpinzani meza iliyofunguka. Irving Crane, katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1966 dhidi ya Joe Balsis, alitumbukiza mipira 150 bila kukosa na kumaliza mchezo, jambo lililomlazimu avuke kiungo hicho karibu mara kumi. Willie Mosconi alikuwa amefikisha mipira 526 mjini Springfield, Ohio, tarehe 19 Machi 1954, ingawa yeye alikuwa katika onyesho, na onyesho, kwa haki, halina hofu ya fainali. Mchezo wa namna hiyo hauwezekani kwenye meza inayoimeza mipira na kudai sarafu kila mipira 14 inapokwisha.

Katika baa za Makambako, kama kwingineko nchini, uzito umehamia kwenye mpira mweusi. Kila mchezaji ana mipira yake saba, na aliyeimaliza hupiga mweusi. Akiutumbukiza kabla ya wakati, au akiutumbukiza pamoja na mweupe, amefungwa. Mshindi hubaki mezani, aliyefungwa hutoa fimbo, na anayefuata, ambaye sarafu yake imekwisha kuwekwa ukingoni kushika zamu, hulipia mchezo mpya. Kwa mtu aliyebakiwa na sarafu moja, pigo hilo fupi linaamua kama ataendelea kucheza jioni nzima kwa fedha za wengine au atakuwa mtazamaji, na watazamaji, ambao mara nyingi wamewekeana dau, hawanyamazi kama wale wa ukumbi wa mashindano.

Dola nayo iliutazama mchezo huu kwa jicho lake. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na viongozi wa mikoa na wilaya wakapiga marufuku uchezaji wa asubuhi. Marufuku hayo yalisahau, pengine kwa makusudi, kwamba katika mji wa njia panda kazi ya kupakia lori huja lori linapofika, iwe alfajiri au usiku wa manane.

Mchezo ulikuwa pia na sura rasmi: Chama cha Pool Tanzania, TAPA, kiliendesha mashindano ya Safari Pool kwa udhamini wa Kampuni ya Bia Tanzania, yakianzia mikoani hadi fainali za taifa. Humo mwamuzi alisimama kando ya meza, klabu ilicheza kama timu, na aliyekosa mweusi aliwaangusha wenzake wote, si mfuko wake peke yake. Taarifa za mashindano hayo zilitaja klabu bingwa na zawadi, mara chache sana zikaeleza pigo lenyewe. Na kwa kuwa mchezo wa mpira mweusi hauna hesabu ndefu kama 150 ya Crane, mapigo makubwa ya Njombe na Makambako yamebaki katika masimulizi ya walioshuhudia, ambao hubishana hata kuhusu shimo lililotumika.