Hifadhi ya kasa katika pwani ya Afrika Mashariki

Hifadhi ya kasa katika pwani ya Afrika Mashariki ni jumla ya kazi zinazofanywa na serikali, mashirika na wakazi wa mwambao wa Kenya na Tanzania ili kasa, yaani kobe wa baharini, wasitoweke. Kazi hizo ni pamoja na kulinda viota, kuwaokoa kasa walionaswa nyavuni, kuzuia uuzaji wa nyama na mayai yao, na kuondoa taka za plastiki ufukweni ili zirejelezwe. Sheria za nchi zote mbili zinakataza kuua kasa au kuchukua mayai yake. Hata hivyo, ulinzi umefanikiwa zaidi pale ambapo mvuvi na mwanakijiji wamepewa sababu ya kushiriki.

Spishi

Duniani kuna spishi saba za kasa, na tano kati yao huonekana katika bahari ya Kenya na Tanzania. Majina yao hutofautiana kutoka sehemu moja ya mwambao hadi nyingine. Kasa wa kawaida (Chelonia mydas), anayeitwa pia kasa kijani, na ng'amba (Eretmochelys imbricata) hutaga mayai katika fukwe za eneo hili. Kigome (Lepidochelys olivacea) hutaga mara chache. Duvi (Caretta caretta) na noa au kasa ngozi (Dermochelys coriacea), ambaye ni mkubwa kuliko wote, hupita au kuja kutafuta chakula tu.

Ng'amba yumo katika daraja la spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN). Kasa wa kawaida alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa hatarini, lakini mwaka 2025 IUCN ilimwondoa katika daraja hilo baada ya idadi yake duniani kuongezeka. Ongezeko hilo halikutokea sawasawa kila mahali. Kuna fukwe ambazo zamani zilikuwa na viota vingi na leo vinahesabika kwa vidole.

Uzazi na sababu ya kupungua

Kasa hukua polepole sana. Wengi huanza kuzaa baada ya miaka 20 au zaidi, na jike hataki kila mwaka, bali kila baada ya miaka miwili hadi minne hivi. Katika msimu wake hupanda ufukweni usiku mara kadhaa, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia na kurudi baharini. Haangalii nyuma tena. Mayai huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi kwa joto la mchanga, na joto hilo ndilo linaloamua jinsia: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi, na wenye baridi kiasi hutoa madume. Kwa sababu hiyo kupanda kwa joto la dunia kunawatia wasiwasi wataalamu.

Watoto wanapotoka shimoni huelekea kwenye mwanga wa upeo wa bahari. Ufuko ukiwa na taa za hoteli au nyumba, hupotea njia na kuelekea nchi kavu, ambako hufa kwa jua la asubuhi au huliwa na kaa, kunguru na mbwa. Inakadiriwa kuwa kati ya watoto 1,000 ni mmoja tu hivi anayefikia utu uzima. Kwa hiyo kumuua jike mmoja mzima si sawa na kuvua samaki mmoja. Ni kupoteza mnyama aliyekwisha kuvuka hatari zote hizo na ambaye nafasi yake huchukua miongo kujazwa.

Kasa na watu wa pwani

Uhusiano wa watu wa mwambao na kasa ni wa kale. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 BK kinachoeleza safari za wafanyabiashara, kinataja magamba ya kobe miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika mji wa Rhapta kwenye pwani hii. Gamba la ng'amba lilitengenezewa vitana, visanduku na mapambo, na biashara yake iliendelea hadi karne ya 20. Leo kasa wote wamo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, unaokataza biashara ya kimataifa ya wanyama walio hatarini.

Njia mojawapo ya zamani ya kumvua kasa ilitumia samaki aitwaye chazo, mwenye kibandiko kichwani cha kujishikiza kwa papa, kasa na hata vyombo. Mvuvi alimfunga chazo kamba mkiani na kumwachia karibu na kasa. Chazo alipojishikiza, mvuvi alivuta kamba taratibu mpaka kasa akafika chomboni. Ufundi huo ulihitaji subira na ulichukua kasa mmoja mmoja. Nyavu za nailoni hazina subira hiyo.

Nyama ya kasa bado huliwa kwa siri katika baadhi ya visiwa, na wakati mwingine huua. Kasa, hasa ng'amba, anaweza kuwa na sumu mwilini itokanayo na vyakula vyake, bila dalili yoyote ya nje. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, haina dawa ya kuiondoa, na huweza kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama. Mnamo Novemba 2021 watu saba walifariki kisiwani Pemba baada ya kula kasa. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine wengi walilazwa hospitalini. Katika vijiji vya pwani habari za misiba hiyo zimekuwa onyo zito kuliko adhabu yoyote iliyoandikwa sheriani.

Ulinzi wa viota

Nchini Tanzania, hifadhi ya kwanza ya bahari ilianzishwa mwaka 1995 katika kisiwa cha Mafia. Fukwe za kisiwa jirani cha Juani ni miongoni mwa sehemu muhimu za kutagia mayai. Tangu mwaka 2001 shirika la Sea Sense limekuwa likifundisha wanavijiji kuwa walinzi wa viota. Mlinzi hutembea ufukweni alfajiri akitafuta nyayo za jike, ambazo hufanana na alama za tairi la trekta, kisha huandika mahali pa kiota na kukitazama hadi mayai yanapoanguliwa. Aliyegundua kiota na kutoa taarifa hupewa kifuta jasho. Hapo hesabu ya mwanakijiji hubadilika: zamani mayai yalikuwa na faida yakifukuliwa, sasa yana faida yakibaki mchangani. Uanguaji nao huvuta wageni, ambao hulipa kiingilio.

Mfano wa kipekee ni kisiwa kidogo cha Maziwe, nje ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti na kilijulikana kwa viota vyake vingi. Miti ilipotoweka, mchanga ulimomonyoka, na tangu miaka ya 1980 kisiwa hufunikwa na maji wakati wa bamvua. Kasa hawakuacha kwenda huko, kwani majike huelekea kurudi kwenye eneo walikozaliwa. Kiota kikiachwa Maziwe mayai huzama. Kwa hiyo walinzi huyachukua kwa uangalifu na kuyafukia tena bara, katika ufuko wa Ushongo.

Kasa walionaswa

Nyavu ni tishio kubwa kuliko yote kwa kasa wazima, hasa jarife, wavu wenye macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Kasa hupumua hewa kama mwanadamu, na akishikwa chini ya maji kwa muda mrefu hufa.

Huko Watamu, Kenya, shirika linaloitwa leo Local Ocean Conservation lilianzishwa mwaka 1997. Mvuvi akimkuta kasa hai wavuni hupiga simu, wahudumu huja, humpima, humfunga kitambulisho penye pezi na kumwachia. Mvuvi hulipwa kiasi kidogo cha kufidia muda na gharama ya simu, si bei ya kasa, kwani kulipa bei ya kasa kungekuwa kumnunua. Kwa utaratibu huo kasa zaidi ya 20,000 wamerudishwa baharini. Walio wagonjwa hupelekwa katika kituo cha matibabu cha shirika hilo. Miongoni mwao wamo wanaoelea bila kuweza kuzama kwa sababu ya gesi iliyojaa tumboni, na mara kwa mara chanzo huwa ni plastiki iliyoziba utumbo.

Plastiki

Mfuko unaoelea hufanana na konyeza, ambaye ni chakula cha baadhi ya kasa. Koo la kasa lina miiba laini inayoelekea ndani ili chakula kisitoke anapomwaga maji ya chumvi. Kwa hiyo akishameza mfuko hawezi kuutema.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mifuko iliyoitwa rambo, iliyokuwa ikining'inia katika kila mti na mtaro, ilipungua sana. Chupa, vifuniko, ndala na nyavu chakavu havikuguswa na marufuku hizo.

Urejelezaji wa taka za ufukweni ulianza kwa ndala. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika eneo la Kiunga na Kiwayu karibu na mpaka wa Somalia, wanawake walianza kutengeneza vinyago na mapambo kutokana na malapa yaliyoletwa na mawimbi kwenye fukwe za kasa. Kazi hiyo ilikua ikawa biashara inayouza sanamu za wanyama nje ya nchi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, jahazi la urefu wa karibu mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kufunikwa kwa vipande vya malapa. Lilitumia takriban tani 10 za taka. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Viktoria. Mradi huo pia una kituo cha kukusanya na kuchakata plastiki huko Lamu.

Kuchakata kuna mipaka yake. Plastiki za aina tofauti zikiyeyushwa pamoja hutoa kitu dhaifu, kwa hiyo lazima zichambuliwe kwa mkono. Chupa na vifuniko hupata mnunuzi kwa kilo, lakini kutoka kisiwani nauli ya mashua huweza kuzidi bei ya mzigo, maana chupa tupu hujaza chombo bila kuwa na uzito. Pakiti ndogo za sabuni, biskuti na viungo, zenye tabaka kadhaa zilizogandamizwa pamoja, hazina mnunuzi kabisa. Tena taka si zote za wenyeji: chupa zenye maandishi ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki zimeokotwa katika fukwe za Kenya, zikiwa zimevuka bahari nzima. Ndiyo maana ufuko uliosafishwa mwezi huu huhitaji kusafishwa tena kabla ya majike kupanda kutaga, na walinzi wa viota mara nyingi ndio wanaoifanya kazi hiyo, wakibeba gunia pamoja na daftari.